Swali la Daktari Kuhusu Nyumba Yetu

Somanda, Bariadi
Tarehe 3 Machi, 2025

Mwanangu Felisita,

Ninakuomba radhi kwa ukimya wa wiki saba. Barua yako ya Januari niliipokea siku ileile basi lilipofika, nikaisoma mara mbili, nikaiweka ndani ya Biblia, na tangu hapo sikuijibu. Nimewahi kuwaadhibu watoto kwa kuchelewesha kazi ya siku moja, kwa hiyo sitatafuta sababu. Nimekosa.

Mama yako hajambo. Pamba ya upande wa bondeni imeanza kutoa maua. Ya upande wa juu imenyimwa mvua. Shangazi yako Kwandu anataka macho yako yaoshwe kwa majani anayoyajua yeye. Nilipomwambia kwamba macho hayo yana daktari, alinijibu kwamba mimi nilizaliwa mzee.

Nimeyaelewa uliyoniandikia. Ugonjwa uliokuanza magotini na mgongoni ukiwa na miaka kumi na mitano ndio huohuo ulioingia machoni. Kinga ya mwili wako, badala ya kupigana na maradhi, inaushambulia mwili wenyewe, na ndani ya macho kunavimba. Matone na vidonge vya prednisoloni vilituliza uvimbe, lakini vimekuletea mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho. Sasa Daktari Deogratias amekupatia nafasi ya sindano mpya iitwayo adalimumabu, ya kuchomwa chini ya ngozi kila baada ya wiki mbili. Katika mpango huo wa hospitali wagonjwa ni sita tu, na wewe ni wa sita. Ninamshukuru Mungu.

Uliniandikia pia kwamba kabla ya sindano kuna fomu, na katika fomu kuna swali kama katika nyumba uliyokulia kumewahi kuwa na mtu mwenye kifua kikuu. Uliniomba nikujibu kwa uhakika, ili usimwambie daktari jambo usilolijua.

Jibu langu ni hili: andika hapana.

Yashike masharti yote ya daktari. Usiruke dozi. Na huyo ndugu yako Gloria asikusomee barua hii huku anatafuna.

Baba yako,
Marcelo Luhende


Mwanza
Tarehe 9 Machi, 2025

Baba shikamoo,

Nawaamkia Kisukuma, mwangaluka, wewe na mama. Mwandiko ni wa Gloria, maneno ni yangu. Hatafuni. (Nilikuwa natafuna, baba mkubwa, nimetema. — Gloria)

Barua yako imenipa usingizi. Niliirudisha fomu Alhamisi. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu ni kisafi, picha ya kifua ni safi. Daktari Deogratias akasema, "Felisita, nikueleze vizuri. Umekunywa prednisoloni muda mrefu, na dawa hiyo inaweza kukidanganya kipimo cha ngozi. Ninachokitegemea zaidi ni historia ya nyumbani. Sindano hii inazuia sehemu ya kinga. Kama kuna vijidudu vya kifua kikuu vimelala mwilini mwako, vitaamka, na vikiamka haviishii mapafuni."

Nikamwambia, "Daktari, baba yangu amekuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili. Akisema hapana, ni hapana." Akacheka, akatia tiki. Sindano ya kwanza ni tarehe 27 mwezi huu.

Sitakuficha hali ilivyo. Jicho la kushoto limebakiwa na mwanga tu. Linajua mchana na usiku, basi. La kulia naona kama mtu anayechungulia kupitia mfuko wa nailoni. Wiki iliyopita nilishona sketi ya mteja nikaweka zipu upande wa tumboni. Akaivaa, akajiangalia, akaniuliza, "Dada, hii ni ya mtu anayetembea kinyumenyume?" Nilicheka naye. Alipoondoka nililia, kisha nikaifumua. Tangu siku hiyo cherehani nimeifunika. Daktari anasema jicho la kulia bado linaokoleka, uvimbe ukizimwa upesi. Akisema upesi anahesabu kwa wiki.

Mama aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unalala stoo kwa sababu ya joto. Joto gani hilo la Bariadi ambalo mama halisikii? Na kile kikohozi cha Krismasi, ulichosema ni vumbi la magunia, kimeisha? Tunza mwili wako, baba. Nataka siku nikija, nikuone sura yako vizuri.

Binti yako,
Felisita


Somanda, Bariadi
Tarehe 14 Machi, 2025

Felisita mwanangu, na wewe Gloria unayesoma,

Gloria, ninakuagiza uisome barua hii hadi mwisho, bila kuruka wala kulainisha neno. Ningependa Felisita aisome peke yake. Hawezi, na kwa sababu hiyo aibu yangu itapita kinywani mwako. Nimekubali iwe hivyo.

Niliandika hapana. Si kweli. Katika nyumba uliyokulia kulikuwa na mtu mwenye kifua kikuu, naye ni mimi.

Ilikuwa mwaka 2012, tulipokuwa tukiishi Shishiyu, nawe una miaka kumi na miwili. Nilianza kukohoa mwezi Aprili, nikakonda hadi nikautoboa mkanda tundu jipya. Mwezi Juni nilikwenda Malampaka, mahali nilipoamini hakuna anijuaye, nikapimwa makohozi, yakakutwa na vijidudu. Nikapewa dawa za miezi sita. Mama yako nilimwambia kwamba ninafuata mizigo ya shule kwenye kituo cha reli. Kila mwezi nilirudi bila mzigo, nikasema treni imechelewa. Miezi hiyo wewe ulilala chumba kimoja nasi, kwa kuwa upepo ulikuwa umeezua paa la chumba chako. Ulilala umbali wa mikono miwili kutoka kinywani mwangu.

Sasa ujue kwa nini nilificha.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, shuleni kwangu kulikuwa na mtoto wa darasa la tano, Luhaga, mwana wa Maduhu. Ilisemekana kwamba baba yake anameza dawa za kifua kikuu. Nilimtoa Luhaga darasani, nikamweka kibarazani peke yake, awe anasikiliza masomo kupitia dirishani. Nilimpa kopo lake la maji, nikaagiza lipakwe rangi nyekundu ili mwenzake asilichukue kwa bahati mbaya. Nililitangaza jambo hilo mstarini, mbele ya shule nzima, nikaliita usafi. Hakuna mkaguzi wala mzazi aliyenishauri. Ni mimi. Watoto wakampa jina la Kopo, nami nikalisikia, nikanyamaza. Mtoto yule hakuwa mgonjwa. Alifika darasa la sita, akaacha shule.

Mtu aliyefanya hivyo angeingiaje nyumbani kwake na kusema, "Mke wangu, ninaumwa kifua kikuu"?

Mwezi wa nne wa dawa zangu nilifika zahanati nikamkuta Maduhu mwenyewe amekaa kwenye benchi. Ugonjwa ulikuwa umemrudia. Nilitaka kugeuka, lakini alikwisha kuniona, akasogea.

"Mwalimu, njoo ukae. Nafasi ipo."

"Nimekuja kumwona mtu," nilimwambia.

"Hapa sote tumekuja kumwona mtu," akasema, akacheka hadi akakohoa. Kisha akaniinamia sikioni. "Mkojo ukiwa rangi ya Fanta usitishike, mwalimu. Ni dawa. Mimi siku ya kwanza nilidhani ndiyo nakufa, nikamwita mke wangu aje aone."

Hakulitaja kopo. Hakumtaja mwanawe. Muuguzi alipoita, aliniachia zamu yake, akasema kwamba mwalimu ana watoto wanaomsubiri.

Kama angenitukana, ningerudi mwezi uliofuata. Alinitendea wema, na mimi sikurudi. Dawa za miezi miwili iliyobaki sikuzimeza. Kikohozi kilikuwa kimekwisha, nikajiambia kwamba nimepona.

Kimerudi tangu Novemba. Ulichokisikia wakati wa Krismasi hakikuwa vumbi. Stoo ninalala ili nisimkoholee mama yako, ambaye sikumwambia sababu.

Ulipouliza mwezi Januari niliogopa mambo mawili: aibu yangu, na kwamba ungeikosa nafasi yako ya sita. Ningependa kuandika kwamba niliitanguliza nafasi yako. Huo ungekuwa uongo mwingine.

Mpeleke Daktari Deogratias barua hii kabla ya tarehe 27.

Baba yako,
Marcelo Luhende


Mwanza
Tarehe 17 Machi, 2025

Baba mkubwa shikamoo,

Hii naandika mimi Gloria, Feli hajui. Bahasha yako niliifungulia stendi palepale, nikasoma nimesimama, bodaboda wananipigia honi nitoke njiani. Sijamsomea. Nimemwambia umeandika habari za pamba, na yeye akasema, "Baba kwa pamba!" akacheka. Nilipiga simu mara mbili nikuulize, mama mkubwa akapokea kwa spika kama kawaida yake, nikamsalimia nikakata.

Baba mkubwa, huyu mtu ana furaha. Ameniomba nimhesabie siku kwa sauti kila asubuhi. Amekwisha kumwahidi yule mteja wa sketi kwamba mwezi wa tano atamshonea nyingine.

Nilimuuliza nesi kijanjajanja, "Hivi mtu akiikosa tarehe yake inakuwaje?" Akaniambia, "Wapo wanne wanasubiri, wa kwanza ni mama mmoja wa Sengerema. Dawa inakaa kwenye friji na ina tarehe ya kuharibika, haimsubiri mtu."

Vipimo vya Feli ni visafi. Si kila anayelala na mgonjwa anaambukizwa. Labda vijidudu havikumpata. Mimi si daktari, lakini na wewe si daktari, usinikasirikie. Ukiniambia niichane, naichana, na sitaitaja mpaka nazikwa. Ukiniambia niisome, naisoma leo hiihii. Ila sema wewe. Usiniachie mimi mzigo huu, baba mkubwa. Mimi ndiye ninayemwona anavyopapasa ukuta akitafuta mlango.

Usinirudishie barua hii imesahihishwa kwa kalamu nyekundu kama ile ya mwaka juzi.

Gloria


Somanda, Bariadi
Tarehe 20 Machi, 2025

Gloria mwanangu,

Usiichane. Msomee Felisita leo, zote mbili, hiyo na hii.

Ninapaswa kukuambia jinsi jibu hili lilivyopatikana, kwa sababu ukinisifu utakuwa umenisifu bure. Barua yako ilinifikia juzi saa nne asubuhi. Nilikaa nayo hadi jua lilipopinda. Kisha nikachukua karatasi, nikaandika jina lako, na chini yake nikaandika, "Ichane, wala usiseme." Niliandika kwa mwandiko mzuri. Nikatoka nje kutafuta bahasha.

Niliporudi, mama yako mkubwa Nyanjige alikuwa ameishika karatasi ile.

"Unamwambia Gloria achane nini?"

Nikasema ni mambo ya hospitali.

"Marcelo, hospitali ya nani? Ya mwanangu? Unamwambia mtoto wa watu achane karatasi ya mwanangu?"

Nilimweleza. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kama watoto walivyokuwa wakisimama mbele yangu. Nilipofika mahali pa Malampaka alikaa chini.

"Treni," akasema. "Miaka kumi na mitatu ninaichukia treni ya watu."

Nilidhani atalia au atapiga kelele, majirani wajae. Akauliza swali moja tu. "Felisita alilala upande gani, wako au wangu?" Nikamjibu kwamba alilala upande wangu, kwa sababu yeye alikuwa na malaria. Akasema, "Vaa viatu."

Tulikwenda hospitali kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Muuguzi alipouliza kama niliwahi kutibiwa kifua kikuu, nilifungua kinywa, yeye akatangulia kujibu: "Aliwahi, na dawa aliziacha. Andika hivyo." Watu kwenye foleni walisikia. Mmoja ni mwanafunzi wangu wa zamani. Alinipa shikamoo, na mimi sikuweza kuinua uso ili niiitikie. Nimetoa makohozi. Majibu bado.

Kisha nilimwandikia Daktari Deogratias mwenyewe, bahasha nyingine, na dereva wa basi ameahidi kuifikisha hospitalini leo. Nimefanya hivyo ili mimi na wewe tusibaki na nafasi ya kubadili mawazo. Ulinitaka niamue. Ukweli ni kwamba aliyeamua ni mke wangu. Mimi nimeandika bahasha.

Wewe pia ulikula na kulala kwetu wakati wa Krismasi. Kapimwe.

Kwa Maduhu sijakwenda. Jana nilifika hadi stendi, nikaliona gari la Maswa, la kwenda kwao, likijaza abiria, nikarudi nyumbani.

Baba yako mkubwa,
Marcelo Luhende


Mwanza
Tarehe 25 Machi, 2025

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu wewe ni baba yangu na hilo halijabadilika. Mengine, nivumilie.

Gloria alinisomea barua zako, na yake pia, ile aliyokuandikia akinificha. Siku mbili sikuongea naye. Leo naongea naye kwa sababu nahitaji mkono wake. (Nimeandika hivyo kwa sababu amesema niandike. — G.)

Tulipofika kwa Daktari Deogratias, bahasha yako ilikuwa mezani kwake. Hakunigombeza. Aliitoa fomu, akaifuta ile tiki, akaandika upya huku akinisomea kila neno ili nijue anachoandika. Sindano ya keshokutwa haipo. Nimeanzishiwa vidonge vya kuzuia kifua kikuu, na hata mambo yakienda vizuri, hawezi kunichoma kabla ya mwezi mmoja kupita. Vipimo vitarudiwa. Kwa sasa ameongeza prednisoloni, ingawa presha ya jicho la kulia jana ilikuwa thelathini na nne, juu sana. Ikikaa huko, neva ya jicho inakufa, na neva ikifa hakuna sindano ya kuifufua. Nilimuuliza, jicho litafika huo mwezi? Akasema, "Sijui, Felisita." Ni mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo.

Kuhusu nafasi yangu, wanaosimamia mpango huo wanakutana Ijumaa. Wataamua kama dozi zangu zishikiliwe, au apewe yule mama wa Sengerema. Naye macho yake ni macho.

Nilimuuliza jambo jingine pia: kama mngenyamaza, nikachomwa, ingekuwaje? Alivua miwani, nilisikia akiiweka mezani. "Labda isingekuwa kitu," akasema. "Au ungerudi baada ya miezi mitatu na homa, na sisi tusingejua tuanzie wapi, maana fomu inasema hapana." Kwa hilo, baba, asante, wabeja sana. Uliliandika kabla sijachomwa. Sikunyang'anyi hilo.

Lakini nilimwambia daktari kwamba neno lako ni neno. Nililisema kwa majivuno, chumba kizima kikasikia. Sasa kila ninapoingia mle naona haya, na haya hiyo si yangu, umenivika wewe.

Mengine ni yangu. Luhaga nilisoma naye darasa moja. Unakumbuka? Mimi pia nilimwita Kopo. Nilikuwa binti wa mwalimu mkuu, nilimwita kwa sauti kuliko wote, na siku moja nililijaza kopo lake mchanga, na wenzangu wakanishangilia. Sikuwahi kukuambia, kwa sababu nilijua hutanichapa. Jana nilipokwenda kuchukua vidonge nilielekezwa benchi la kifua kikuu. Nikasikia watu wanasogea kunipisha, na mimi nikasema, "Nasimama tu, nimezoea." Nilisimama saa mbili na magoti haya. Gloria alinivuta mkono, nikakataa. Nikajua natoka kwa nani.

Kwa hiyo usiende kwa Maduhu kuniombea radhi mimi. Wewe peleka yako. Yangu nitaipeleka mwenyewe, nikiweza kuiona njia.

Mama alipiga simu jana, kwa spika. Alisema majibu yako yametoka, vijidudu vipo, na umeanza dawa. Safari hii zimeze mbele yake, kila siku, hadi cha mwisho. Usije Mwanza mpaka wakuambie huambukizi tena. Na usiniandikie tena kuomba radhi. Nimesikia, imetosha, ukirudia nitalazimika kusema nimekusamehe, na sijafika huko. Sitaki nikudanganye.

Ngoja Ijumaa. Wakinishikilia dozi, nitakuandikia. Wakimpa mama wa Sengerema, nitakuandikia vilevile siku hiyohiyo, na nitakuambia ilivyo, bila kupunguza.

Binti yako,
Felisita